Shajara ya mradi: kurekebisha usalama katika karakana ya mageti, Busia

Karakana iko Busia, upande wa Uganda. Kiwanja ni mita 6 kwa 11. Mbele inapita barabara ya boda boda, nyuma kuna ukuta, kushoto jirani ni fundi cherehani. Wanafanya kazi humo mafundi 4 na vijana 3 wanaojifunza. Mashine za kuchomelea ni mbili, moja imesukwa na mafundi wa hapa hapa na nyingine ni inveta ya ampia 200. Kuna grainda 2 za inchi 9, drili ya mezani, na kompresa ya lita 50 ya kupulizia rangi. Kazi kubwa ni mageti, milango na madirisha, na mara moja moja mabomba ya zinki (chuma kilichopakwa zinki) ya kubebea matangi ya maji.

Bei zote ni shilingi za Uganda, kama zilivyolipwa dukani.

3 Februari 2025: Ukaguzi na mpangilio wa matumizi

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 haiachi karakana kwa kuwa ni ndogo. Mahali pa kazi panatakiwa kusajiliwa kwa Kamishna wa usalama kazini, chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na vifaa vya kinga vinanunuliwa na mwajiri bila kumkata mfanyakazi. Daftari la majeraha limefunguliwa leo: tarehe, jina, mashine, kilichotokea, kilichofanyika. Daftari la mistari la 3,000 linatosha.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa asubuhi moja. Jambo lililoamua mpangilio wa pesa ni msumari ulio nyuma ya mlango: aproni, glavu na barakoa za zamani zimetundikwa pale, nyingine hazijatolewa hata kwenye mfuko wa dukani. Kinga inayompunguzia fundi mwendo haimalizi wiki. Kwa hiyo fedha zinaanza kwenye umeme, upepo na mpangilio wa meza. Vya kuvaa vitafuata.

10 Februari: Umeme, awamu ya kwanza

Bodi ya zamani ilikuwa na fyuzi za waya, na ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) ilikuwa kipande cha nondo kilichochomekwa ardhini kama futi moja. Imewekwa bodi mpya yenye breka za kila mashine na swichi ya RCD ya ampia 63, miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja.

RCD ilikata kila mara mashine ya kusukwa ilipowashwa. Hapo ndipo mafundi wengi huiruka kwa waya na kusema swichi ni mbovu. Swichi ilikuwa nzima. Mega ya volti 500, yaani kipimo cha uzuiaji wa umeme, ilionyesha uzuiaji kati ya koili na mwili wa mashine uko chini kabisa, wakati kiwango cha chini cha kuvumilika ni megaohm 1. Ndani kulikuwa na unga wa chuma wa grainda uliojikusanya juu ya koili na kushika unyevu, yaani umeme ulikuwa ukivuja hadi kwenye mwili wa mashine siku zote, na aliyekuwa akiupokea ni fundi mwenye viatu vilivyolowa.

Dawa yake: pulizia unga kwa hewa kavu ya kompresa (toa kwanza maji yaliyomo kwenye tangi, la sivyo unaongeza unyevu), anika mashine juani siku mbili ikiwa wazi, paka varnishi ya koili tabaka mbili, kisha pima tena. Ilisoma zaidi ya megaohm 5 na RCD haijakata tangu hapo. Mashine imehamishwa mita 3 kutoka kwenye meza ya grainda. Bila kuihamisha, unga ungerudi.

RCD haimlindi fundi upande wa rodi ya kuchomelea. Transfoma ya mashine imetenga pande mbili, hivyo zile volti 50 hadi 80 zilizopo kwenye rodi kabla haijawaka RCD haizioni kabisa. Upande huo kinga ni glavu kavu za ngozi, viatu vya soli ya mpira na ubao mkavu wa kusimamia. Fundi aliyelowa jasho aliyeketi juu ya geti la chuma yuko hatarini hata kama bodi ni ya kisasa kiasi gani.

14 Februari: Umeme, awamu ya pili

Fimbo mpya ya ethi ya mita 1.2 ilipimwa ohm 310. Kiangazi hiki udongo wa hapa ni mkavu hadi chini, na kipimo cha kiangazi ndicho cha kuaminika, kwa sababu mvua humfurahisha kila mtu. Kwa RCD ya miliampia 30 ohm 310 ingefanya kazi kwenye hesabu, lakini kinachoshauriwa ni kukaa chini ya 200 ili isibadilike-badilike. Kuna waliopendekeza kumwaga chumvi na makaa shimoni. Chumvi hushusha kipimo kwa msimu mmoja, kisha mvua huiosha na fimbo hubaki inaliwa na kutu. Badala yake imepigwa fimbo ya pili umbali wa mita 2.4, mara mbili ya urefu wa fimbo, karibu na maji ya bafu yanapomwagika. Zikiwa pamoja zinasoma 165.

Tatizo lililofichika zaidi lilikutwa kwenye waya wa grainda. Ganda la nje zima kabisa, lakini ukiupasua, ule waya mdogo wa kijani na njano umegeuka hudhurungi na plastiki yake imekakamaa kwa urefu wa nusu mita. Sababu ni kibano cha kurudishia umeme. Kilikuwa kimebana nguzo ya paa, si kazi yenyewe. Grainda ilipolazwa juu ya geti linalochomelewa, ampia mia na zaidi zilitafuta njia ya kurudi, na njia nyepesi ikawa waya wa ethi wa grainda. Grainda ikabaki bila ethi na hakuna aliyejua. Kanuni tangu leo: kibano kinashika chuma kinachochomelewa, karibu na mshono, mahali palipokwanguliwa rangi, na hakuna kifaa cha umeme kinacholazwa juu ya kazi.

Gharama ya umeme: RCD 110,000, breka na bodi 90,000, fimbo mbili 80,000, waya wa ethi wa milimita 10 za mraba, mita 12, 96,000, vibano 20,000, varnishi na kurekebisha koili 60,000, fundi umeme mwenye leseni 150,000. Jumla 606,000. Kitufe cha T cha kuijaribu RCD kinabonyezwa kila tarehe 1 ya mwezi.

24 Februari: Moshi, jaribio lililoshindikana

Mwaka 2017 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, pamoja na vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Kwa hiyo hoja ya "tumeuvuta miaka yote" imeisha.

Feni ya kusimama ilielekezwa kwenye meza. Ilihamishia moshi kwa fundi cherehani, na upepo wake ukasumbua moto wa rodi hadi mshono ukatoka na vitundu. Ikaletwa feni ya dirishani, ya mapanga, 180,000, ikafungwa kwenye bomba la bati. Nje ya bomba ilipuliza vizuri. Ndani ya bomba la mita 4 lenye kona moja hewa karibu isimame. Feni ya mapanga husukuma hewa nyingi isipokutana na kizuizi. Ikikutana na bomba na kona, nguvu inaisha. Hiyo 180,000 imepotea kwa kazi hii. Feni sasa inapoza watu wa upande wa kupima na kukata.

5 Machi: Moshi, mfumo unaofanya kazi

Imenunuliwa blawa ya konokono iliyotumika, ya aina ile wahunzi wanayopulizia makaa lakini kubwa, 450,000. Inavuta kupitia bomba la kipenyo cha sentimita 20, bati geji 28, kutoka kwenye kofia ya sentimita 30 kwa 30.

Hesabu yake ni muhimu kuliko blawa. Ili moshi uvutwe kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde pale rodi inapowaka, kofia ikiwa umbali wa sentimita 25, inahitajika hewa ya mita za ujazo 0.36 kwa sekunde. Isogeze hadi sentimita 50, hitaji linafika karibu 1.3. Hakuna blawa ya bei hii itakayofika huko. Kofia iliyofungwa darini ni pambo, na tena inapitisha moshi mbele ya uso wa fundi kabla ya kuutoa. Kofia hii inaning'inia kwa mnyororo wenye uzito wa kusawazisha upande wa pili, na kiungo chake kinazunguka, hivyo fundi anaivuta kwa mkono mmoja. Ingehitaji mikono miwili, ingeachwa.

Kona kali ya nyuzi 90 ilibomolewa ikawekwa ya mviringo mpana. Mdomo wa nje umepandishwa mita 1 juu ya paa la jirani. Kifuniko bapa cha mvua kimeondolewa kwa sababu kilirudisha moshi chini. Badala yake kuna bomba pana lililovishwa juu ya jembamba, mvua inapita pembeni. Jaribu mfumo wako kwa dawa ya mbu ya kuwasha: iweke pale rodi inapokaa, uone moshi unaelekea wapi.

Bati shiti 3, 114,000. Kiungo, mnyororo na uzito 95,000. Riveti na silikoni 30,000. Pamoja na blawa na feni iliyopotea, 869,000.

8 Machi: Zinki na maziwa

Mabomba ya zinki yana ingizo lake. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo kabla mshono haujaanza zinki imeshageuka moshi mweupe. Aliyeuvuta hana neno mchana. Saa 4 hadi 12 baadaye, kwa kawaida usiku, anaanza kutetemeka, homa, viungo kuuma, kiu, ladha ya chuma mdomoni. Kwa Uganda hiyo inasomeka malaria, na dawa za malaria humezwa bila kipimo. Kesho yake au keshokutwa anapona, na sifa inakwenda kwa dawa. Ukienda kliniki, sema kwamba ulichomelea zinki, na upimwe malaria kwanza. Ikipita siku mbili, au kifua kikibana na pumzi kukatika, usiiite homa ya zinki, nenda hospitali.

Ukichomelea zinki kila siku mwili huzoea kidogo, kisha mapumziko ya wikendi hufuta mazoea hayo. Ndiyo sababu homa hupiga zaidi Jumatatu.

Kuna wanaoamini kwamba kunywa maziwa huondoa moshi mwilini. Maziwa hayasaidii. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Bajeti ya maziwa ya karakana imehamishiwa kwenye filta.

Kinachosaidia: saga zinki sentimita 5 kila upande wa mshono, pande zote za bomba unazozifikia, hadi chuma cheusi kionekane. Asidi ya betri au ya kusafishia vyoo isitumike kuitoa. Inatoa gesi inayowaka na mvuke unaochoma mapafu. Baada ya kuchomelea, sehemu iliyosagwa ipakwe rangi ya zinki, la sivyo kutu itaanzia hapo. Kwa kazi hii pekee barakoa za nusu uso zenye filta za P3 (za kuzuia vumbi na moshi) ni lazima: mbili 170,000, filta za akiba 60,000. Filta ya P, yenye mkanda mweupe, haizuii mvuke wa tina, kile kimiminika cha kulainishia rangi. Ya kuzuia tina ni ya aina ya A, mkanda wa hudhurungi. Na ndevu zikipita chini ya ukingo wa mpira, barakoa ya 85,000 inafanya kazi ya kitambaa.

17 Machi: Grainda na macho

Grainda zote mbili hazikuwa na kinga ya diski. Kuamuru zirudishwe hakukufaa. Siku ya pili zilikuwa chini ya meza. Sababu ni ya kweli: grainda ya inchi 9 yenye kinga haiingii kwenye pembe ya fremu. Imenunuliwa ndogo ya milimita 115 kwa ajili ya pembe, 220,000, na kubwa zikabaki na kinga kwa mikato mirefu. Tangu hapo hakuna aliyeifungua kinga, kwa kuwa hakuna haja.

Angalia namba. Diski ya milimita 230 imeandikwa mzunguko wa juu 6,600 kwa dakika. Grainda ndogo inazunguka 11,000. Mtu akilazimisha diski kubwa iliyolika kwenye mashine ndogo, anaizungusha zaidi ya mara moja na nusu ya uwezo wake, na ikipasuka vipande vinaelekea usoni na tumboni. Kwenye pete ya chuma katikati ya diski kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Gundi yake hudumu miaka 3, pungufu ikiwekwa kwenye unyevu. Diski za punguzo kandokando ya barabara, tazama pete kwanza. Na diski nyembamba ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu.

Miwani ya kuzuia vipande, 12 kwa 6,000 kila moja. Zilipokaa ofisini hazikuvaliwa. Zilipofungwa kwa kamba kwenye kila mashine zilivaliwa. Plastiki hukwaruzika haraka kwa unga. Ikifika hali ya kutoona vizuri, itupe, maana fundi ataipandisha kipajini.

Miwani ya jua haitoshi kuchomelea. Kwa rodi za ampia 80 hadi 160 tumia kioo namba 10 au 11. Helmeti mbili zenye kioo hicho, 120,000. Walioumia zaidi macho ni vijana wanaoshika chuma pembeni. Macho huanza kuwasha usiku, yakijihisi yamejaa mchanga. Kitambaa chenye maji baridi, giza, na kliniki. Matone ya ganzi yasitumiwe nyumbani. Maumivu yanakatika lakini jicho haliponi vizuri.

Pazia la turubai la plastiki liliyeyuka kwa cheche siku ya kwanza. Sasa kuna viunzi vya bati vya mita 1.8 vyenye magurudumu, vimepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu bati jipya linaurudisha mwanga kwa mtu mwingine. Chini yake imeachwa nafasi ya sentimita 40 hewa ipite, na kimoja kinasimama upande wa barabara. Bati 114,000, rangi 25,000, kinga za diski 50,000. Jumla ya ingizo hili 601,000.

7 Aprili: Rangi, tina na moto

Mwongozo wa kawaida wa kazi za moto unataka mita 11 kati ya cheche na vitu vinavyowaka. Kiwanja chote ni mita 11. Umbali haupo, kwa hiyo umetumika muda.

Ratiba ya kwanza, rangi asubuhi na kuchomelea mchana, ilishindikana. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Unateremka, unakaa sakafuni na kwenye shimo la bomba la maji machafu. Saa 8 mchana harufu bado ilikuwa pale kwenye shimo, mita 4 kutoka kwenye grainda. Ratiba imepinduliwa: moto wote unazimwa saa 10 jioni, mtu mmoja anabaki dakika 30 akitazama cheche zilizolala, ndipo kompresa inawashwa. Rangi inakauka usiku. Shimo limefunikwa bamba.

Tina na rangi zinakaa kwenye sanduku la chuma lililochomelewa kwa mabaki, lenye matundu chini na juu. Karakana inashika lita 5 tu za tina. Matambara yenye rangi ya mafuta yanaweza kujipasha moto yenyewe yakilundikwa, hivyo yanaingia kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Mitungi ya zimamoto ya unga, kilo 6, miwili, 280,000. Mmoja uliwekwa kwanza nyuma ya mashine, mahali ambapo moto ungeanzia. Imehamishiwa mlangoni. Kila mwezi geuza mtungi juu chini, unga ulioshikana ulegee. Ndoo 4 za mchanga 40,000. Mchanga mkavu, kwani wakati wa masika ulilowa na kuganda hadi zilipofunikwa. Maji hayamwagwi kwenye tina wala umeme.

Jambo la pembeni: blawa na mashine zote mbili zikiwashwa pamoja umeme unashuka na blawa inapunguza kasi. Usambazaji umehama kutoka kampuni iitwayo Umeme kwenda UEDCL, shirika la serikali, tangu tarehe 1 Aprili, hivyo maombi ya umeme wa nyaya tatu (fezi tatu) yamepelekwa huko. Kwa sasa mashine moja inachomelea, ya pili inasubiri.

28 Aprili: Taka

Vipande vya chuma vinauzwa kwa skrepu, hilo halihitaji maelezo. Unga wa grainda unakusanywa kwa sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Ukiutoa mfuko, unga unaanguka wenyewe. Makopo ya rangi yanatobolewa tundu kubwa chini kabla ya kutoka, kwa sababu yasipotobolewa yanakwenda kuchotea maji ya kunywa.

Tina ya kuoshea bunduki ya rangi ilikuwa ikimwagwa mtaroni, na mitaro hii huishia Ziwa Victoria. Sasa inaachwa itulie siku 3 kwenye dumu lenye kifuniko. Juu inabaki safi, inarudi kuoshea. Tope la chini linawekwa kwenye dumu lake, limeandikwa, ndani ya sanduku la chuma. Msafirishaji wa taka hatari anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na hakuna atakayekuja Busia kwa lita 3, kwa hiyo mazungumzo yanaendelea na karakana za jirani na gereji moja ili madumu yakusanywe pamoja. Madumu na sumaku 45,000.

19 Mei: Hali ilivyo

Matumizi hadi leo ni 2,671,000: umeme 606,000, moshi 869,000, barakoa na filta 230,000, grainda na macho 601,000, moto 320,000, taka 45,000. Kama ni lazima kuchagua, anza na umeme, pamoja na kusaga zinki ambako gharama yake ni dakika tu. Blawa inaweza kusubiri ikiwa meza imewekwa ubavu kwa upepo, moshi ukipita kando ya fundi.

Daftari lina vipande vya chuma machoni viwili tangu Machi, vyote kwenye drili ya mezani, ambako miwani haikufungwa kwa kamba. Imefungwa.

Kelele haijaguswa. Grainda inazidi desibeli 95, na kwa kiwango cha 85 kwa saa 8, kila desibeli 3 za ziada zinakata muda kwa nusu, hivyo 94 ni saa moja tu kwa siku. Vizibo vya masikio vimenunuliwa, lakini mafundi wanavitoa kwa kuwa hawasikii wateja. Kitakachojaribiwa Juni ni kulaza bati kubwa juu ya mifuko ya mchanga wakati wa kusaga na kunyoosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kelele ni bati lenyewe kutetemeka, na kuhamisha meza ya kunyoosha hadi kwenye ukuta wa nyuma. Mifuko 6 imeshashonwa na jirani wa cherehani, 2,000 kila mmoja.